Ruring'u na Haki ya Uwanja wa Wote

Katika mwezi wa Desemba 1963, siku chache baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa na ya Kenya kupandishwa, wapiganaji wa Mau Mau waliokaa msituni miaka mingi, wengine katika Nyandarua (Aberdare) na wengine katika mitelemko ya Mlima Kenya, walitoka mafichoni wakaja Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri, wakazikabidhi silaha zao mbele ya serikali mpya. Jambo hilo kubwa lilitendeka katika uwanja wa wazi, mahali ambapo mkulima, mchuuzi na mtoto wa shule waliweza kusimama bega kwa bega na kushuhudia. Kwa hivyo Ruring'u ina nasaba ambayo viwanja vichache vya nchi hii vinaweza kudai, na ni haki kuuanzia hapo mjadala ambao aghalabu huanzwa mbali, katika miji ya Ulaya na Marekani: mjadala wa rangi za watu, wa haki ya mazingira, na wa namna wakazi wa mji wanavyotumia bustani na viwanja vyao.

Rai ya makala haya ni moja. Mahali pa wazi mjini, penye nyasi, kivuli na nafasi ya kupumua, ni haki ya mkazi kama ilivyo njia na maji. Na haki hiyo katika Nyeri iligawanywa kwanza kwa kipimo cha rangi, kisha, rangi ilipoondolewa katika sheria, ikaendelea kugawanywa kwa kipimo cha fedha, kwa kuwa mipaka iliyochorwa kwa kipimo cha kwanza haikufutwa katika ardhi yenyewe.

Kabla ya ramani za serikali kuchorwa, Wakikuyu wa nchi hii ya milima walikuwa na mahali pao pa umma. Ardhi ilikuwa ya mbari, na kila mbari ilijua mpaka wake. Lakini palikuwapo kihaaro, uwanja wa ngoma na makusanyiko, ambapo vijana wa nyumba mbalimbali walikutana, na palikuwapo mti wa mugumo, ambao chini yake wazee walisali na kutoa kafara, na ambao miiko ilikataza kuukata. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alieleza katika kumbukumbu za maisha yake namna mama yake alivyomkanya asiokote kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, na namna alivyorudi baada ya miaka akakuta mti umekatwa na kijito kilichokuwa karibu yake kimekauka. Alifahamu baadaye, kwa elimu ya sayansi, kwamba mizizi ya mti ule ilikuwa ikiyasaidia maji kupanda na kuishika ardhi isiporomoke. Wazee hawakuwa na vitabu vya elimu hiyo, ila walikuwa na sharti lililotenda kazi ile ile, na sharti hilo liliwahusu matajiri na maskini kwa kiwango kimoja.

Mji wa Nyeri ulianza katika mwaka 1902, pale afisa wa kijeshi wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, baada ya mapigano makali na wenyeji, alipoweka kituo karibu na kilima cha Nyeri. Mji uliozaliwa katika ngome haukuweza kuwa na uwanja wa wote. Miaka michache baadaye, mwaka 1913, serikali ya Uingereza ilimtuma tabibu mmoja, Profesa W. J. Simpson, akague hali ya afya katika nchi zake za Afrika ya Mashariki na Zanzibar. Simpson alipendekeza kwamba kila mji ugawanywe katika mitaa mitatu, wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika, na kwamba baina ya makazi ya Wazungu na ya wengine uachwe ukanda wa ardhi tupu, usiokaliwa na mtu, wenye upana usiopungua yadi 300. Hoja yake ilikuwa ya maradhi: tauni na malaria zisivuke. Lakini maradhi hayachagui rangi, na lau serikali ingalitaka kuyazuia ingalipeleka mifereji na maji safi katika mitaa ya Waafrika, jambo ambalo mara nyingi lilikawia mno au halikutendeka kabisa.

Ni muhimu msomaji aushike ukweli huu vizuri, maana ndio ufunguo wa mambo mengi. Katika miji ya wakoloni ardhi ya wazi mara nyingi ilitengwa ili kuwaweka watu mbalimbali, wala haikukusudiwa kuwakutanisha. Dar es Salaam ina mfano ulio dhahiri: uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili upite baina ya mtaa wa biashara wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika, na wenyeji wa mji ule hadi leo huujua mgawanyo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kwamba watu wa Dar es Salaam waliugeuza Mnazi Mmoja kuwa uwanja wa mikutano ya siasa na wa sherehe ni ushindi wao wenyewe, kwani ukanda uliotengwa ili kutenganisha waliutwaa wakakutana juu yake.

Nyeri ilifuata desturi hiyo kwa namna yake. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 uliikataa rai ya kuwatenga Wahindi mijini kwa sheria, ingawa uliwabakizia walowezi wa Kizungu Nyanda za Juu; hata hivyo desturi ilitenda palipokosekana sheria. Upande wa Wazungu ulikuwa na klabu, na kiwanja cha gofu, na hoteli zenye bustani pana. Wahindi walikuwa na maduka na mtaa ambao hadi leo huitwa Asian Quarters. Na Waafrika walikuwa na Majengo, pamoja na vibanda vya wafanyakazi. Mwafrika aliingia katika bustani za upande wa kwanza akiwa mfyekaji wa nyasi, mpishi au mbeba fimbo za gofu, na aliondoka kazi yake ilipokwisha. Kuanzia mwaka 1920 alining'iniza kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, na juu yake palikuwa na sheria ya uzururaji, ambayo ilimpa askari uwezo wa kumkamata mtu asiye na kosa jingine ila kuonekana hana shughuli. Kupumzika mahali pa umma, ambako kwa Mzungu kulikuwa starehe, kwa Mwafrika kuliweza kuwa hatia.

Hoteli ya Outspan, iliyojengwa na Eric Sherbrooke Walker mwaka 1928, ilikuwa na bustani inayoutazama Mlima Kenya, na ndani ya bustani hiyo ndimo alimokaa miaka yake ya mwisho Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa Nyeri. Walker huyo huyo alijenga Treetops katika mwaka 1932, nyumba juu ya mti ambamo wageni walikaa usiku kuwatazama ndovu na vifaru. Na huko ndiko alikokuwa Elizabeth, binti mfalme, usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki na yeye akawa malkia. Msitu uliokuwa malisho, kuni, dawa, asali na mahali pa ibada kwa wenyeji ukawa mandhari kwa wageni. Hifadhi ya Mlima Kenya ilitangazwa mwaka 1949, na ya Aberdare mwaka 1950. Siukatai uhifadhi, maana pasipo hiyo misitu mito ya Chania na Sagana ingekauka, na Nyeri ingebaki na kiu. Ninalolisema ni kwamba aliyenyimwa msitu hakuulizwa, na aliyepewa hakulipa fidia.

Mambo yalizidi kuwa magumu wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ilipigwa marufuku, na aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi bila ya kuulizwa. Kuanzia Juni 1954 watu zaidi ya milioni 1 wa Ukikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika, wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge, wakitoka kwa saa zilizopangwa. Na wanawake ndio waliofanyizwa kazi ya kuchimba handaki refu la takriban maili 50 katika ukingo wa msitu. Treetops iliteketezwa na Mau Mau mwaka 1954. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alikamatwa katika ukingo wa msitu wa Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Basi waliokuja Ruring'u mwaka 1963 walikuwa watu waliopigania ardhi kwa maana yake yote, na kukanyaga uwanja wa wazi mchana kweupe, bila kipande na bila hofu ya askari, kulikuwa sehemu ya hicho walichokipigania.

Wataalamu wa leo huyaita masuala haya haki ya mazingira, na yafaa kuyaeleza kwa lugha nyepesi. Kila mji una mema na mabaya ya mazingira. Mema ni miti, hewa safi, maji na viwanja. Mabaya ni jaa la taka, moshi, mafuriko na maji machafu. Haki ya mazingira huuliza mambo mawili: je, mema na mabaya hayo yamegawanywa kwa insafu, na je, wale watakaoathirika walisikilizwa kabla ya uamuzi kutolewa? Harakati zilizobeba jina hilo zilipata nguvu Marekani, mwaka 1982, pale wakazi wa Warren County katika North Carolina, wengi wao watu weusi, walipolala barabarani kuyazuia malori yaliyoleta udongo wenye sumu kuzikwa karibu nao. Lakini dhuluma yenyewe ni kongwe kuliko jina. New York walipotaka kuijenga Central Park waliwaondoa wakazi wa Seneca Village, kijiji cha watu weusi wenye ardhi yao wenyewe, kikabomolewa mwaka 1857. Chicago, Julai 1919, kijana mweusi Eugene Williams alikufa majini baada ya kurushiwa mawe kwa sababu alielea akauvuka mpaka usioandikwa wa ufuo wa weupe, na kifo chake kikawasha siku nyingi za ghasia na mauaji. Afrika ya Kusini iliuandika ubaguzi wa bustani, fuo na hata viti vya kukalia katika sheria ya mwaka 1953, na haikuifuta hadi 1990.

Mifano hiyo ya mbali hutufunza kwamba mtu hatumii bustani kwa sababu tu bustani ipo. Huitumia anapoamini kwamba ni yake, na imani hiyo hujengwa au kubomolewa na mambo ya kila siku: umbali wa kwenda, mlango na ada ya mlangoni, macho ya askari, taa, choo, kivuli, na kumbukumbu ya yaliyowapata wazazi wake mahali hapo. Yule aliyefunzwa na baba yake kwamba upande fulani wa mji si wa mtu kama yeye, hauvuki mpaka ule hata baada ya kibao cha kumkataza kung'olewa.

Kenya huru iliving'oa vibao. Wadi ya Ruring'u leo ni mojawapo ya wadi tano za jimbo la Nyeri Mjini, na hakuna sheria inayomzuia mkazi wake kuingia mahali popote kwa sababu ya rangi. Hata hivyo nyumba zenye bustani pana zilikwenda kwa wenye vyeo na mali, klabu zikabaki na wanachama wenye uwezo wa kulipa, na Majengo na Witemere zikabaki na msongamano wake, watu wengi katika ardhi ndogo, watoto wakichezea njiani penye bodaboda na maji machafu. Sheria ya uzururaji iliyowasumbua babu zetu haikufutwa hadi 1997, na hata sasa kijana aliyeketi mahali pa umma bila kununua kitu hujihadhari na askari wa kanjo kama babu yake alivyojihadhari na askari wa bwana DC.

Fauka ya hayo, viwanja vyenyewe viliingia katika hatari mpya. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma katika nchi nzima, zikiwamo bustani, viwanja vya michezo na kingo za barabara, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Jeevanjee Gardens ya Nairobi, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliutunukia mji mwaka 1906, ilinusurika mwaka 1991 kwa sababu mjukuu wake, Zarina Patel, aliwaongoza wananchi kuupinga mpango wa kujenga maegesho ya magari. Uhuru Park ilinusurika kwa juhudi za binti wa Nyeri: mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kuupinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ile, akatukanwa bungeni, chama chake cha Green Belt kikafukuzwa katika ofisi zake, lakini fedha za kigeni ziliondolewa na jumba halikujengwa. Alitoa hoja iliyo nyepesi kueleweka: mwenye shamba na bustani nyumbani kwake hahitaji Uhuru Park, ilhali anayeishi chumba kimoja hana mahali pengine pa kumpeleka mtoto wake Jumapili. Bustani ile ile ndiyo iliyochaguliwa kuweka kumbukumbu ya walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, iliyozinduliwa Septemba 2015, baada ya Uingereza kueleza majuto yake na kukubali kuwalipa fidia wahanga zaidi ya 5,000. Na mwaka 2004, habari za kushinda Tuzo ya Nobel zilipomfikia akiwa safarini kwenda Nyeri, Wangari alipanda mti katika bustani ya Outspan, mbele ya mlima.

Tukirudi Nyeri, mji una Whispers Park, iliyopewa jina la heshima la Wahome Mutahi, mwandishi mpendwa wa nchi hii aliyefariki mwaka 2003, na una Ruring'u. Mahali kama hapa, penye wasaa, hubeba maisha ambayo hayaingii katika ukumbi wowote. Alfajiri kuna wanaokimbia ili kuizuia sukari na shinikizo la damu. Mchana kuna kibarua aliyekosa kazi na anayetafuta kivuli kabla ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Jioni kuna mpira wa vijana. Mwisho wa juma kuna mahubiri, harusi zinazopigwa picha, na mikutano ya siasa. Haya yote ni matumizi halali, na mpango mwema wa mji huyapa kila moja nafasi yake.

Lakini angalia pia ni nani asiyeonekana. Wanawake hupungua jua linapokaribia kutua, kwa kukosa taa. Wazee hupungua pasipo viti. Mama mwenye mtoto mchanga hapitishi saa moja mahali pasipo choo. Na mlemavu mwenye kiti cha magurudumu hukwama langoni. Hakuna sheria iliyowafukuza hawa, ila hawapo, na mpangaji wa mji asiyewatafuta hatawaona kamwe.

Katika miaka ya karibuni Ruring'u imekuwa katika ujenzi wa kuifanya uwanja wa kisasa wa michezo, kazi iliyoanza kwa shangwe na kusuasua kwa muda mrefu. Ninautakia uwanja huo heri, maana vijana wa Nyeri wanastahili majukwaa na njia nzuri za kukimbilia kama vijana wa miji mingine. Hata hivyo yafaa kusemwa mapema, kabla ya lango la chuma kufungwa, kwamba uwanja wenye kuta huweza kumilikiwa na ratiba na ada hata kama jina lake ni la umma. Msitu wa Karura wa Nairobi, uliookolewa kutoka kwa wanyakuzi wa ardhi kwa damu na mapigo mwaka 1999, una uzio na ada ya kuingilia. Ada hiyo husaidia ulinzi na utunzaji, na usalama wa Karura umewarudishia wanawake matembezi yao, lakini familia ya watu sita kutoka mtaa wa mabanda huihesabu mara mbili kabla ya kuja. Busara ni kuuliza swali hilo Ruring'u tangu sasa: siku isiyo na mechi, je, mtoto wa jirani ataingia bure? Je, patabaki sehemu ya nyasi iliyo wazi, na miti, nje ya majukwaa? Je, historia ya Desemba 1963 itaandikwa pale kwa maneno yanayosomeka na mtoto?

Maswali hayo yana mahali pa kupelekwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 62 huweka sehemu ya ardhi ya umma mikononi mwa kaunti kama amana kwa ajili ya wakazi. Na kifungu cha 69 huitaka serikali kuhimiza wananchi washiriki katika utunzaji wa mazingira. Sheria ya miji ya mwaka 2011 imeruhusu mabaraza ya wakazi, ambamo mpango wa kiwanja huweza kuhojiwa hadharani. Jambo la kwanza ambalo wakazi wa Ruring'u na mitaa mingine wanaweza kulifanya ni kuomba orodha ya viwanja vyote vya umma vya mji wao, vikiwa vimepimwa na kuandikishwa, kila kimoja na hati yake, kwani kiwanja kisicho na hati ndicho kinachonyakuliwa kwanza.

Na ikiwa mlango wa ofisi utafungwa, upo wa mahakama. Mwaka 1989 kesi ya Wangari Maathai juu ya Uhuru Park ilitupwa kwa hoja kwamba yeye binafsi hakuwa na hasara iliyompa haki ya kushtaki. Kifungu cha 70 cha Katiba ya leo kimeiondoa hoja hiyo kabisa: anayekwenda mahakamani kuyatetea mazingira halazimiki kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine yeyote amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo chake Nyeri penyewe, mwendo mfupi kutoka Ruring'u. Mama wa Majengo anayetaka mahali pa mwanawe pa kuchezea ana haki leo ambayo mshindi wa Nobel hakuwa nayo jana, na wajibu wetu sisi wenye kalamu, walimu, wahubiri na viongozi wa mitaa ni kumwambia hivyo waziwazi, na kwenda naye.